Mama, Je, Maji Yenu Yamepimwa Floridi?

Leo tunazungumzia meno ya watoto na maji wanayokunywa.

Floridi ni madini yaliyo katika miamba, udongo na maji. Ikiwa kiasi, huimarisha meno yasioze. Ndiyo sababu mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuiongeza kwenye maji ya mfereji. Hapa Kenya, sehemu nyingi zina shida tofauti: floridi imezidi. Ikizidi, meno ya mtoto hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Pengine umemwona mtu mwenye meno ya kahawia ukadhani hapigi mswaki. Sivyo. Meno yake yaliharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, kabla hajafikisha miaka 8. Mswaki hauwezi kuyatoa madoa hayo.

Maji ya mito ya Aberdare na Mlima Kenya kwa kawaida huwa na floridi kidogo. Ya kushukiwa ni maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkano. Huwezi kuitambua floridi kwa macho wala kwa kuonja, na visima viwili jirani vinaweza kutofautiana. Njia ya kujua ni kupima maabara. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa kila lita.

Sasa mama, ufanye nini?

1. Iulize kamati ya mradi wenu wa maji matokeo ya vipimo. Kama hakuna, mwoneni afisa wa afya ya umma. Kisima kipya kipimwe kabla ya watu kuanza kunywa, kisha kirudiwe mara kwa mara.

2. Chemsha maji ili kuua vijidudu, lakini ujue floridi haiondoki kwa kuchemsha.

3. Floridi ikizidi, maji ya kisima yawe ya kufulia. Watoto wanywe na wapikiwe maji ya mvua au ya mto yaliyochemshwa.

4. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Floridi inayopita humo ni kidogo sana.

5. Punguza magadi kwenye githeri, kwani huweza kuwa na floridi nyingi.

6. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya minji. Mtoto ateme, asimeze. Peremende na soda zipunguzwe.

Akina mama, usingoje meno yatoke ndipo uulize habari za maji. Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini hadi kipindi kijacho.