Nyumba ya Wagonjwa, Nyumba ya Wauguzi

Watu wakisemezana habari ya kujenga hospitali, humfikiri mgonjwa kwanza, na hiyo ni haki yake. Lakini mgonjwa hukaa humo siku chache, kisha hurudi kwao. Mwuguzi huingia kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hewa ya wodi ndiyo aivutayo. Basi twataka kueleza jinsi ramani ya nyumba iwezavyo kumlinda mtumishi huyu, au kumdhuru.

Twaanza na miguu. Mwaka 1853 Bibi Florence Nightingale alipewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake katika Harley Street, mjini London. Nyumba ilikuwa ya ghorofa. Alitaka maji ya moto yapandishwe kwa bomba mpaka kila ghorofa, chakula kivutwe juu kwa mtambo wa kamba, na kengele za wagonjwa zilie pale pale alipo mwuguzi, tena zionyeshe ni nani aliyeita. Maana mtu apandaye na kushuka ngazi mchana kutwa na ndoo mkononi amekuwa hamali, si mwuguzi tena. Wanafunzi na wafanye hesabu: tuseme bomba liko hatua 60 kutoka kitandani. Kwenda na kurudi ni hatua 120. Akienda mara 40 kwa siku, amekwenda hatua 4,800 kwa ajili ya maji peke yake. Ndipo utaona kwa nini jioni mikono haioshwi kama ilivyooshwa asubuhi. Aghalabu mwuguzi huyo huitwa mvivu, na lawama ilikuwa ya fundi aliyeliweka bomba mbali.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, kwani miguu iliyochoka hupumzika, lakini pafu lililoingiwa na kifua kikuu laweza kumwua mtu. Mgonjwa akikohoa, vijidudu hutoka katika matone madogo yasiyoonekana, nayo huelea hewani saa nyingi mahali pasipo upepo. Hospitali nyingi zilijengwa zenye ujia wa ndani, yaani njia nyembamba kati ya vyumba, na wagonjwa huketi humo kungoja zamu, huyu akikohoa, yule akivuta pumzi. Mgonjwa hupita humo mara moja. Mwuguzi hupita mara mia. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya Tugela Ferry, Afrika ya Kusini, ambako kifua kikuu kisichosikia dawa kilionekana kwa watu 53. Katika hao 52 walikufa, na watumishi wa hospitali walikuwamo.

Habari hiyo iliwashtua vijana wa Marekani waliokuwa wakijifunza kuchora ramani za nyumba. Walipoitwa kusaidia kujenga hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera, kaskazini ya Rwanda, waliuondoa ujia wa ndani kabisa. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 2011 juu ya kilima, na watu hupita na kungoja katika baraza za nje, penye upepo. Wodi zina dari ndefu na madirisha mengi. Pangaboi kubwa huizungusha hewa polepole na kuipandisha juu, ambako taa za mwanga usioonekana kwa macho huviua vijidudu. Vitanda havikupangwa kando ya kuta, bali katikati, vikielekea madirishani, hata mgonjwa huona bonde na vilima. Mwuguzi naye huyaona yale yale, na mtu afanyaye kazi ya usiku hujua thamani ya kuona alfajiri ikipambazuka.

Mwaka 2012 zikajengwa nyumba za madaktari karibu na hospitali, za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Wengine hudhani hiyo ni anasa. Sisi hatukubali. Daktari aliyepelekwa mbali na mji, akikosa pa kulala pazuri, huhesabu siku za kuondoka, na akiondoka, kijiji hubaki na jengo lisilo daktari. Wala hatusemi kuwa ukuta waweza kushika mahali pa mshahara, au pa wauguzi wa kutosha. Wodi nzuri yenye mwuguzi mmoja kwa wagonjwa sitini ni taabu ile ile.

Kijiji kinachokusudia kujenga zahanati hakihitaji pangaboi wala taa hizo. Mwuguzi na aulizwe kabla msingi haujachimbwa: atachota maji wapi, ataketi wapi akichoka, na wenye kikohozi watangoja wapi. Yafaa wangoje nje, chini ya paa la baraza. Na kila chumba kiwe na madirisha katika kuta mbili zinazoelekeana, kwa kuwa hewa iingiayo kwa dirisha la peke yake haina pa kutokea.