Simba anakuona vizuri tu

Msimu wa likizo ukifika, swali ni lile lile, hubadilika muulizaji tu: "Lakini mwalimu, si wanasema simba haoni watu ndani ya gari? Anaona gari tu, kama mnyama mmoja mkubwa?" Anayeuliza huwa ameshashusha kioo, simu iko nje na mkono umetoka mpaka kwenye kiwiko. Huyo hatafuti jibu, anatafuta ruhusa. Simpi.

Hekaya hii husambazwa hata na baadhi ya madereva wetu, kwa sababu inawatuliza wageni. Ina chembe ya ukweli pia. Simba wa Serengeti au Maasai Mara, ambao wamezaliwa na kuyakuta magari, huyapita kama wanavyopita kichuguu. Lakini kupuuza si kutoona. Tangu akiwa mtoto, simba amejifunza kwamba kitu hiki chenye muungurumo na harufu ya dizeli hakimpi nyama wala hakimnyang'anyi. Ni mazoea, na mazoea yana sharti lake: gari libaki kuwa gari. Ukisimama juu ya kiti nusu ya mwili ikachomoza, mtoto akilia, mkono ukipunga, umeshamwonesha kitu asichokizoea.

Hebu fikiri. Huyu ni mnyama awindaye usiku, mwenye utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake humetameta yakimulikwa na taa. Mtikisiko wa sikio la swala kwenye nyasi haumpiti. Eti ashindwe kuona watu saba wenye kofia ndani ya Landcruiser iliyoinuliwa paa? Safari ijayo yatazame masikio yake. Amejilaza kwenye kivuli cha gari, ubavu karibu na tairi, masikio yamelegea. Mtu akiangusha kifuniko cha lenzi na kunyoosha mkono kukiokota, masikio yote mawili hugeukia mbele, kichwa kikainuka. Gari halitazami tena. Anautazama ule mkono.

Wasioridhika niwapeleke Afrika Kusini. Juni 2015, katika bustani ya simba karibu na Johannesburg, mtalii kutoka Marekani alikuwa ndani ya gari akipiga picha huku dirisha likiwa wazi, jambo lililokatazwa pale. Simba jike alisogea mpaka dirishani, akamng'ata, na mtalii yule akafa. Simba hakung'ata boneti wala tairi.

Kwa tembo hekaya hii hugeuka kichekesho. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walichapisha matokeo ya kuwawekea tembo nguo zilizovaliwa na Wamaasai na nyingine zilizovaliwa na Wakamba. Harufu ya nguo za Wamaasai iliwafanya tembo wakimbie kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi. Wana sababu: morani wa Kimaasai wamekuwa wakiwachoma mikuki, Wakamba ni wakulima. Mwaka 2014 ukatoka utafiti mwingine wa huko huko, safari hii wa sauti zilizorekodiwa. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya tembo wajikusanye na kurudi nyuma kuliko ya Mkamba. Za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwashtua kiasi hicho. Mnyama anayepambanua kabila, jinsia na umri wa msemaji bila hata kumwona, wewe unambishia mwenzio kwamba hajui kama mmo garini!

Na gari lenyewe si ngome mbele yake. Dume kubwa hufikia tani 6; gari lenu pamoja na abiria wote na kapu la chakula halifiki huko. Machi 2024, katika Hifadhi ya Kafue nchini Zambia, tembo alilikimbiza gari la watalii akalipindua, mtalii mmoja Mmarekani akafariki. Hakuna aliyekuwa ameshuka. (Wale abiria wa mabasi wanaoshuka Mikumi, pale barabara kuu ya Iringa inapokatiza hifadhini, kwenda kujipiga selfi na tembo, siwahesabu. Hao hata hekaya ya kujisingizia hawana.)

Sasa picha, haraka haraka. Kinachosogea ni lenzi, si gari: milimita 300 au 400 zinatosha, na mwenye simu aegemeze kamera yake kwenye darubini. Injini izimwe ili picha isitikisike. Kwa tembo muulize dereva kwanza. Kuegemeza lenzi, kifuko cha mchele dirishani ni bora kuliko mikono yako. Mnyama anayekimbia anataka kasi ya shata ya sekunde 1/1000. Flashi zima. Mwanga mzuri ni wa saa 12 asubuhi mpaka saa 3, baadaye pumzika. Simba au chui akikaribia, funga kioo, kaa kitini, piga kupitia kioo kisafi huku lenzi ikikikaribia. Kwa tembo acheni njia ya kuondokea, na msiingie kati ya mama na mtoto. Dume lenye ute unaotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka miguuni, liacheni mara moja. Kwa miguu: simba usimkimbie, rudi nyuma taratibu ukimtazama, kiboko usimzibie njia ya majini, nyati tafuta mti.

Na jambo moja kwa wenye haraka na pochi nene. Msimwongezee dereva bakshishi ili asogee au aache barabara. Askari wa hifadhi akiwakuta, anayetozwa faini na kuhatarisha kazi ni yeye. Ninyi mtakuwa mmeshapanda ndege.