Kamera Ikizima, Tazama Ruta Kwanza

Kamera ndogo za ulinzi zinazotumia betri zimeshaingia katika parsele nyingi za Lubumbashi, za Golf na Bel-Air na pia za Kampemba na Ruashi. Watu wanazipenda kwa sababu inayoeleweka: hakuna waya wa kuvuta mpaka langoni, na umeme ukikatika jicho linabaki wazi. Lakini malalamiko nayo yanafanana. Boksi liliahidi miezi sita, betri imekwisha kwa wiki chache. Au mtu amepanda ukuta usiku, na asubuhi hakuna picha hata moja. Mwenye nyumba hutoa hukumu palepale kwamba betri ni mbovu, kisha anarudi sokoni kutafuta nyingine. Hukumu hiyo imepitishwa mapema mno. Katika mji unaoishi kwa delestaji, yaani umeme wa kukatwakatwa, mshukiwa wa kwanza si betri ya kamera bali ruta iliyoko sebuleni, ambayo yenyewe haina betri.

Kamera ya aina hii haifanyi kazi mchana kutwa na usiku kucha. Inalala. Kinachobaki macho ni kihisi kidogo cha joto na mawasiliano mafupi na ruta, na vyote viwili hula umeme kidogo sana. Mtu akipita mbele yake, kihisi huiamsha, nayo hurekodi sekunde kadhaa, huzituma kwenye mtandao, kisha hulala tena. Miezi sita ya kwenye boksi imehesabiwa kwa nyumba yenye matukio machache kwa siku na Wi-Fi isiyokatika. Sasa umeme unakatika saa moja jioni. Ruta inazima papo hapo, na kamera inabaki inaita mahali pasipo na wa kuitikia. Kamera nyingi zikipoteza mtandao huutafuta tena na tena, na redio ya Wi-Fi ni miongoni mwa sehemu zinazokula betri zaidi. Usiku mmoja wa namna hiyo hauonekani, lakini ukijirudia kila juma betri inakwisha mapema bila kosa lake. Na kama kamera haina kadi ya kumbukumbu ndani, picha ya aliyeruka ukuta saa nane za usiku haina pa kuhifadhiwa. Malalamiko mawili yaliyoonekana kuwa tofauti yana mzizi mmoja.

Wapo watakaosema kwamba basi tatizo ni la SNEL, shirika la umeme, na hapo mwenye nyumba hana la kufanya. Ni kweli kwamba dawa kubwa haiko mikononi mwake. Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa takriban kilomita 1,700. Mabwawa ya hapa kwetu ni ya zamani, Mwadingusha kwenye mto Lufira likiwa la mwaka 1930. Na migodi inahitaji umeme mwingi sana. Lakini ruta si kiwanda. Nyingi hula wati 10 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile ndogo ya kwenye vyombo vya kengele, ina wati-saa 84, nazo zinatosha kuishikilia ruta kwa saa kadhaa bila kuikausha betri. Vipo pia visanduku vilivyotengenezwa kwa kazi hii, vyenye betri na chaja pamoja. Jambo la kuangalia ni lebo iliyo chini ya ruta: nyingine hutaka volti 12, nyingine 9 au 5, na kukosea hapo ni kuiunguza. Kisha kadi ya kumbukumbu iwekwe ndani ya kamera kama ina nafasi yake. Gharama ya vitu hivi viwili ninaiona ya maana kuliko kununua kamera ya pili.

Je, betri haiwezi kuwa mbovu kweli? Inaweza, na kuna njia ya kuijua bila kubahatisha. Ichaji mpaka ijae, iweke kamera chumbani karibu na ruta, katika siku ambazo ruta haizimi, mahali pasipo na watu wa kupitapita. Asilimia zikiporomoka hata hapo, betri imechoka. Zikitulia, rudisha kamera langoni na utafute kosa njiani: ukuta mnene wa matofali, umbali, au ruta iliyowekwa kwenye masafa ya gigahezi 5 ambayo hupenya kuta vibaya kuliko yale ya 2.4. Wapo pia wanaoamini kwamba lazima betri ikauke kabisa ndipo ichajiwe, kwa hiyo wanasubiri umeme wa kutosha usiku mzima. Desturi hiyo ilitoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Hizi za lithiamu hazidhuriki kwa kuchajiwa vipande vipande. Saa mbili leo na saa moja kesho, kadiri umeme unavyoruhusu, ni sawa.

Kihisi nacho kinastahili kutazamwa kwa jicho la hapa. Hakioni mtu, kinaona tofauti ya joto inayosogea. Usiku wa Juni au Julai, baridi ikiwa kali, mwili wa mtu unajitokeza vizuri. Oktoba alasiri, ukuta na ardhi vikiwa na joto linalokaribia la mwili, kihisi hichohicho kinaweza kumkosa mtu aliye mita chache mbele yake. Tena kinamhisi vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, hivyo kamera ikae pembeni ya njia ya kuingilia, isitazamane na lango. Ikielekezwa barabarani itaamshwa na kila manseba wa pikipiki anayepita na abiria, na hapo miezi ya kwenye boksi inageuka siku. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika lenzi, na paneli ya sola kama kamera inayo. Kitambaa laini kinatosha. Kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, paneli ielekezwe kaskazini. Kamera isikae chini kabisa ya bati lenye jua, maana betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45.

Kuna wanaoshauri kuachana na Wi-Fi na kununua kamera ya laini ya simu. Kwa parsele isiyo na ruta, au nyumba inayojengwa, ninakubaliana nao. Ila redio ya 4G kwa kawaida hula betri zaidi, mega zinalipiwa kila mwezi, na minara ya simu nayo inategemea umeme na majenereta.

Limebaki la saa. Kongo ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Baadhi ya programu za kamera humtaka mtumiaji achague mji, na anayeona jina la Kinshasa juu ya orodha hulibonyeza bila kufikiri. Tangu hapo kila picha inabeba saa ya Kinshasa: tukio la saa tisa usiku linaandikwa saa nane. Mbele ya polisi, au sentineli anapoulizwa alikuwa wapi, saa moja inaweza kumtia hatiani asiyehusika. Fungua mipangilio, chagua Lubumbashi au majira ya UTC+2, kisha pita mbele ya kamera na ulinganishe picha na saa ya simu yako.