BOTI INAYOINUA OMO: DAWA YAKE NI NINI?



Wengi wenu mnaokaa katika skimu za makazi za pwani, kama vile Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, Hindi au Magarini, mna jembe mkono mmoja na wavu mkono wa pili. Mnalima mahindi, mikorosho na miembe, na kazi ya shamba ikipungua mnaingia baharini. Wengine mmechanga fedha za mazao mkanunua boti moja ya faiba na mashine ya kufunga tezini, mkaitumia kwa zamu. Jambo hilo ni jema. Lakini mashine hula petroli, samaki wapatikane wasipatikane, na boti iliyokaa vibaya majini hula zaidi. Tena boti kama hiyo yaweza kupoteza watu.

Mwezi huu tutazungumza juu ya boti inayoinua omo wake kupita kiasi, na juu ya vibawa vya tezi, ambavyo hufungwa ili kuirekebisha. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni hili: vibawa ni dawa ya mwisho, si ya kwanza, na vibawa hivyo hivyo vinavyokuokolea petroli bahari ikiwa shwari vyaweza kukupindua mawimbi yakikufuata nyuma.

KWA NINI OMO HUINUKA?

Itazame boti yako ikiwa imetia nanga. Mashine yenye nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, na yote iko tezini. Hapo karibu pana mkebe wa petroli. Lita 50 zina uzito wa kilo 37 hivi. Anayeishika mashine naye ameketi papo hapo. Ukifungua moto, rafadha husukuma, boti hutaka kupanda juu ya maji, tezi huzama na omo huenda juu. Basi boti yasukuma maji kwa tumbo lake badala ya kuteleza juu yake. Nahodha haoni mbele, mashine yanguruma, petroli yaisha, na mwendo ni ule ule.

Kibawa cha tezi ni bamba la chuma lililofungwa kwa bawaba chini kabisa ya ubao wa tezi, yaani ule ubao mpana unaobeba mashine. Kuna kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto. Kibawa kikiteremshwa kidogo, maji yanayopita kwa kasi chini ya boti hukipiga na kuelekezwa chini. Tezi huinuliwa, na omo hushuka.

SI KILA CHOMBO KINAFAA

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Kibawa hakifanyi kazi pasipo mwendo wa kasi. Chombo kizito kinachokata maji bila kupanda juu yake, kama vile mashua ya zamani iliyotiwa mashine ndogo, kina kikomo cha mwendo. Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu wa chombo pale maji yanapokishika, kwa futi. Tafuta kipeuo chake cha pili. Kisha zidisha kwa 1.34. Chombo cha futi 25 kina kipeuo cha 5, na 5 mara 1.34 ni 6.7. Kwa hiyo kikomo chake ni maili za bahari 6 au 7 kwa saa. Chombo cha namna hiyo hakina faida na vibawa, hata ukivinunua kwa bei ya ng'ombe. Vibawa ni vya boti nyepesi yenye tezi pana na bapa, yenye mashine ya kutosha kuipandisha juu ya maji.

KWANZA JARIBU YASIYO NA GHARAMA

Mkulima mwenye busara haendi kununua mbolea kabla ya kupalilia. Hali kadhalika, kabla ya kutoboa boti yako fanya mambo haya manne.

1. Kumba maji yaliyomo ndani. Boti ikiinua omo, maji yote hukimbilia tezini. Lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100, sawa na gunia la mahindi la kilo 90 na zaidi.

2. Sogeza mzigo mbele. Nanga, sanduku la barafu na mkebe wa petroli vikae karibu na katikati, ikiwa mpira wa petroli unafika. Kila kitu kifungwe kisitembee. Wala usivijaze vyote omoni, maana omo mzito nao ni hatari.

3. Tazama pembe ya mashine. Mahali mashine inapoegemea ubao wa tezi pana chuma cha kuizuia, chenye matundu kadhaa. Ukikisogeza tundu moja kuelekea kwenye boti, mguu wa mashine huja ndani na omo hushuka. Sogeza tundu moja tu, kisha jaribu.

4. Tazama kimo cha mashine. Bamba lililo juu kidogo ya rafadha liwe sawa na chini ya boti, au inchi moja hivi chini yake. Mashine iliyozamishwa mno huburuta maji bure.

Boti nyingi hupona kwa mambo haya manne. Ikiwa yako haikupona, endelea kusoma.

KUCHAGUA NA KUPIMA

Vibawa ni vya namna tatu. Kuna vilivyokazwa kwa skrubu, ambavyo huwezi kuvibadili ukiwa safarini. Kuna vyenye kifaa cha kusukuma kama springi, ambavyo hujirudi vyenyewe maji yakivisukuma kwa nguvu. Na kuna vinavyoinuliwa na kuteremshwa na nahodha kwa umeme wa betri ya volti 12. Hivyo vya kwanza ni rahisi, lakini kwa sababu utakayoisoma chini, mtu anayepita mlango wenye mawimbi afadhali achague vinavyoweza kuinuliwa.

Kwa ukubwa, kawaida ya mafundi ni inchi 1 ya upana wa kila kibawa kwa kila futi 1 ya urefu wa boti. Boti ya futi 18 yataka vibawa vya inchi 18 kila upande, ikiwa nafasi ipo. Acha inchi 3 hivi kutoka pembe ya ubavu, na inchi 8 kutoka mguu wa mashine, ili maji yanayoifikia rafadha yasivurugwe. Nafasi ikiwa ndogo, chukua kibawa chembamba zaidi; usikisogeze kwenye mashine.

Bamba na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, ile aina ya 316 inayostahimili chumvi. Usichanganye alumini na chuma kingine ovyo, kwa kuwa madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenziwe.

KAZI YA KUFUNGA

Ivute boti pwani, uioshe, uiache ikauke. Bawaba ikae robo inchi juu ya ukingo wa chini wa ubao wa tezi. Ikining'inia chini ya ukingo huo, itakamata maji na mwani wakati wote. Pima pande zote mbili kwa rula ile ile, utie alama kwa penseli, upime tena, ndipo ushike keekee.

Sasa sikiliza kwa makini. Tundu unalolitoboa chini ya maji ni mlango. Boti nyingi za faiba zina mbao katikati ya ubao wa tezi, na maji yakiingia humo huiozesha mbao polepole usione kitu, mpaka siku moja ubao wa tezi unalegea na mashine juu yake. Kwa hiyo toboa tundu kubwa kuliko bolti, ulijaze gundi ngumu ya epoksi, uiache ikauke kabisa, kisha utoboe tena tundu la kadiri ya bolti katikati ya gundi hiyo. Paka bolti gundi laini ya boti isiyopitisha maji, uipitishe, utie washa pana upande wa ndani, ukaze nati. Pamba na mafuta ya kalafati hayatoshi kwa kazi hii. Subiri muda ulioandikwa kwenye mkebe wa gundi kabla ya kushusha boti. Kama hujapata kufanya kazi ya namna hii, mwite fundi wa boti. Vyaelea, vimeundwa.

JARIBU KAMA UNAVYOJARIBU MBOLEA

Mnapotaka kujua mbolea ikiwa inafaa, mnaweka vipande viwili vya shamba, kimoja na mbolea na kimoja bila mbolea. Fanya vivyo hivyo baharini. Chagua siku ya utulivu na alama mbili zinazoonekana pwani. Ukiwa na watu wale wale na mzigo ule ule, vibawa vikiwa sawa na chini ya boti, endesha kutoka alama moja hadi ya pili na kurudi, ili upepo na mkondo visikudanganye. Pima petroli iliyotumika kwa kipimo cha lita, uandike na muda. Kisha teremsha ncha ya nyuma ya vibawa nusu inchi, urudie. Usiteremshe zaidi mara moja. Ukiona usukani umekuwa mzito, au omo wachimba maji na kuvuta upande, umepita kiasi, rudi nyuma.

Boti ikilala upande wa kulia, teremsha kidogo kibawa cha kulia. Ikilala kushoto, cha kushoto. Kila kibawa huinua upande wake.

Tuseme, kwa mfano, ulikuwa ukitumia lita 20 kila safari na sasa watumia 18. Kwa safari 20 za mwezi umebakiza lita 40. Zizidishe kwa bei ya petroli ya siku hiyo, ulinganishe na bei ya vibawa na kazi ya fundi, utajua vitajilipa baada ya miezi mingapi. Ikiwa daftari lasema hakuna faida, liamini daftari kuliko muuzaji.

SIKU VIBAWA VINAPOUA

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari yetu huchafuka. Ukirudi nyumbani mara nyingi mawimbi hukufuata nyuma. Pabaya zaidi ni milangoni, kama kule Kipini ambako mto Tana huingia katika ghuba ya Ungwana: maji yakitoka kwa nguvu na kukutana na upepo wa baharini, mawimbi husimama wima.

Katika hali hiyo wimbi huinua tezi. Ikiwa vibawa vimeteremshwa, navyo huzidi kuinua tezi. Omo huchimba ndani ya maji, tezi hutaka kutangulia, boti hugeuka ubavu, na wimbi la pili huipindua. Haya hutokea kwa muda mfupi, wala hapana nafasi ya kuanza kutafuta swichi. Kwa hiyo: mawimbi yakitoka nyuma, inua vibawa vyote viwili kabla hujauingia mlango, upunguze mwendo, usogeze watu nyuma kidogo. Vibawa hutumika shwari, au kidogo tu unapoyaelekea mawimbi madogo ya mbele.

Na hapa pana jambo linalowahusu hasa ninyi mnaotumia boti moja watu wengi. Leo nahodha ni wewe. Kesho ni ndugu yako au jirani. Yeye atajuaje kama uliviacha vibawa chini? Wekeni sheria katika kikundi chenu: kila anayeishusha mashine moto aviinue vibawa juu kabisa, na kila anayeiwasha avitazame kwanza. Piga rangi nyekundu mahali paonyeshapo kuwa vibawa viko chini, hata kijana asiyejua kusoma aone. Mfundishe kila mtu anayeruhusiwa kuishika mashine, si mwenye boti peke yake.

Viinueni pia mnaporudi kinyumenyume, la sivyo maji huvipinda. Na mnapoivuta boti mchangani, la sivyo huvunjika. Nyavu na kamba zivutwe ubavuni, si tezini, zisinaswe. Kila baada ya safari osheni kwa maji baridi, na kila mwezi kazeni bolti na kuondoa magamba ya bahari.

NENO LA MWISHO

Kabla ya kutoa fedha, zungumza na Afisa wa Uvuvi au kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) mahali pako, na umwonyeshe mkaguzi wa boti kazi iliyofanywa. Hakikisha pia kila aliyemo ana jaketi la kuokolea, maana vibawa, hata viwe vizuri namna gani, havimfundishi mtu kuelea.

Kata ukurasa huu, uubandike bandani mnapoweka mashine. Na ikiwa kikundi chenu kitafanya lile jaribio la petroli, tuletee hesabu yake ofisini, iwe ya faida au ya hasara, ili wakulima wa skimu nyingine nao wapate kujifunza.