Fahamu: Mawimbi yanayofungua utando wa seli

Ngamia akipandwa na homa, akakonda na nundu ikasinyaa, mfugaji wa Diff, Wajir Kusini, ana sababu ya kushuku surra. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu Trypanosoma evansi, kinachosambazwa na nzi wanaonyonya damu.

Kujua jeni ipi hukipa kijidudu kama hiki nguvu, watafiti huingiza DNA ndani yake. Kikwazo ni utando wa seli, ambao una mafuta na hauipitishi. Kwa kawaida seli na DNA huwekwa kwenye kichupa chenye mabamba mawili ya metali, umeme ukapigwa kufumba na kufumbua. Vitundu hufunguka, DNA huingia, vitundu huziba. Mwanasayansi Eberhard Neumann na wenzake walifanikiwa hivyo mwaka 1982 kwa seli za panya. Ubaya wake, seli nyingi hufa.

Ndiyo maana mawimbi ya maikrowevu yanavutia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, waliripoti kuwa mawimbi ya gigahezi 18 yaliwafanya bakteria wa E. coli wapokee molekuli kubwa za dekstrani, aina ya sukari, joto likiwa chini ya nyuzi 40.

Hiyo ni kazi ya maabara, si tiba. Ukiona dalili, mwite daktari wa mifugo mapema ngamia apimwe damu.