Kalaupapa: karibu watu 8,000 walitengwa kwa ukoma, wengi makaburi yao hayana majina

Padri Damien, Mbelgiji aliyefariki kwa ukoma mwaka 1889 kisiwani Molokai, Hawaii, alitangazwa mtakatifu mwaka 2009. Jina lake linajulikana hadi hapa Congo, ambako shirika la Action Damien linasaidia kupambana na ukoma na kifua kikuu. Lakini wagonjwa aliokwenda kuwahudumia, wengi wao hawana hata msalaba wenye jina.

Sheria ya kuwatenga ilitiwa saini na mfalme Kamehameha wa Tano mwaka 1865, Hawaii ikiwa bado ufalme. Tarehe 6 Januari 1866, watu 12 wa kwanza, wanaume 9 na wanawake 3, walishushwa kwenye rasi ya Kalaupapa. Pande tatu ni bahari. Upande wa nne ni ukuta wa majabali. Ni gereza lisilohitaji kujengwa. Hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 1969, karibu watu 8,000 walikuwa wamepelekwa huko, wengi wao wenyeji wa Hawaii, wakiwemo watoto waliotolewa mikononi mwa wazazi. Dawa zenye nguvu zilikuwa zimefika tangu mwaka 1946.

Waliooana humo walinyang'anywa watoto wao mara tu walipozaliwa. Nyumbani nako, familia nyingi ziliona aibu kuwataja, na wajukuu wakakua bila kujua kwamba bibi au babu yao alizikwa Kalaupapa.

Mwaka 2003, wagonjwa pamoja na ndugu na marafiki waliunda chama cha Ka ʻOhana O Kalaupapa, yaani familia ya Kalaupapa. Wanadai mnara wenye jina la kila aliyepelekwa pale. Tarehe 30 Machi 2009, Rais Barack Obama alitia saini sheria inayoruhusu mnara huo. Kuruhusu tu: pesa, chama chenyewe kitafute. Chama pia kinasaidia familia kutafuta habari za wazee wao katika nyaraka za zamani.

Mwili wa Damien ulipelekwa Ubelgiji mwaka 1936. Mwaka 1995 mkono wake wa kulia ulirudishwa na kuzikwa katika kaburi lake la kwanza, Kalawao. Ndugu wa wengine wakifika na maua, mara nyingi hawajui pa kuyaweka.

Baada ya mwaka 1969, baadhi ya wagonjwa walikataa kuondoka. Wenzi wao na rafiki zao walikuwa wamezikwa pale.