Gia Ikiruka Mteremkoni: Kulifanya Upya Sanduku la Gia la Land Rover Kuukuu Nyumbani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka 1948 katika mji wa Amsterdam, na tangu siku hiyo jina lake limefungamana na njia mbaya. Katika Kenya maofisa wa wilaya, askari polisi na wakulima walilitumia gari hilo mahali pasipo na lami. Hata leo, katika nchi kavu ya Samburu, Land Rover za zamani za mji wa Maralal zingali zikichukua watu, mbuzi na magunia ya unga mpaka mahali ambapo magari mengine hayathubutu kufika. Nyingi katika hizo zina umri mkubwa kuliko madereva wake.

Lakini chuma nacho huchoka. Chukuliwe mfano wa mtu mwenye Land Rover ya mwaka 1968, ambaye kila asubuhi huteremka mlima akiwa na madebe ya maziwa na abiria watano. Siku moja, akiwa katika gia ya tatu, mkono wa gia waruka wenyewe na kurudi katikati. Gari lapata kasi, naye ashika breki kwa hofu. Kesho yake akata ukanda wa tyubu kuukuu, aufunga mkono wa gia usiruke tena, kisha aendelea na safari zake.

Dawa ya namna hiyo si dawa. Gari linapoteremka, injini ndiyo inayolizuia lisikimbie, na gia ndiyo inayoyafunga magurudumu na injini. Gia ikiachia, mzigo wote huangukia breki za mguu, nazo zikipata moto mwingi hushindwa. Ukanda wa mpira hauponyi kitu. Huificha tu ile ishara ambayo gari lilikuwa likimpa mwenyewe, na huko ndani vyuma huzidi kulana.

KWA NINI GIA HURUKA

Ndani ya sanduku la gia, ambalo mafundi huliita giaboksi, mna shafti tatu zilizo kubwa. Ya kwanza huingiza nguvu kutoka kwenye klachi. Ya pili iko chini na huzunguka pamoja nayo daima. Ya tatu ndiyo shafti kuu, ambayo hupeleka nguvu nyuma kwenye sanduku la pili, yaani transfa, na kutoka huko nguvu hugawanywa kwenda magurudumu ya nyuma na ya mbele.

Gia ya pili na ya tatu huzunguka juu ya bushi iliyovikwa kwenye shafti kuu. Pembeni mwake mna washa ngumu, na mbele yake pete ya springi huzuia vyote visisogee. Vikiwa vipya, gia huwa na nafasi ndogo sana ya kwenda mbele na nyuma, sehemu chache tu za elfu za inchi moja, unene wa karatasi ya kuandikia. Bushi na washa zikilika, nafasi hiyo huongezeka. Gari likipanda, nguvu huisukuma gia upande mmoja. Likiteremka, nguvu hugeuka na kuisukuma upande wa pili. Gia iliyolegea husogea, meno yake hujitoa kidogo kidogo, na mwisho huachia kabisa. Ndiyo sababu gia huruka zaidi mteremkoni.

Iko sababu ya pili. Kila uma unaosogeza gia umeshikwa na fimbo ya chuma yenye vijishimo, na gololi inayosukumwa na springi hukaa katika kijishimo ili fimbo isihame. Springi ikichoka au ikivunjika, gololi haina nguvu ya kushika.

UCHUNGUZI KABLA YA KUFUNGUA

Watu wengi hukimbilia kulishusha sanduku zima kabla ya kujua ugonjwa. Hiyo ni kazi ya bure. Springi na gololi hizo hufikiwa kwa nje, kwa kufungua vibamba vidogo vilivyofungwa juu na ubavuni mwa sanduku. Springi mpya ni kitu cha bei ndogo, na mara nyingine ugonjwa wote huishia hapo. Yafaa pia kutazama kama mipira inayolibeba sanduku imepasuka, na kama nati zinazolifunga kwenye injini zimelegea.

Baada ya hapo mafuta yatazamwe. Sanduku la gia na transfa yana mafuta mbalimbali, na kila moja lina kizibo chake cha kujazia. Ikiwa mafuta ya sanduku la gia hupungua wakati yale ya transfa yanaongezeka, sili iliyo kati yao imekufa, na mafuta yanapita kimya kimya bila tone moja kuonekana chini. Mwenye gari hujisifu kwamba gari lake halivuji, kumbe gia zake zinakauka. Mafuta yakidondoka katika tundu lililo chini ya klachi, sili ya mbele ndiyo iliyokufa, ama ya gia ama ya injini. Tena, sili ya nyuma ya transfa ikivuja, mafuta hulowesha breki ya mkono, kwa kuwa katika Land Rover hizo breki ya mkono hushika ngoma iliyo nyuma ya transfa wala si magurudumu. Gari hilo likiegeshwa mlimani laweza kuondoka peke yake.

Mwisho, mafuta ya zamani yamwagwe katika karai safi na kupitishwa sumaku. Vumbi laini la chuma ni jambo la kawaida katika gari la miaka mingi. Lakini vipande vyenye kona ni jino lililovunjika, na hapo hapana budi kufungua.

KULITOA SANDUKU

Katika Land Rover hizo sanduku la gia halishushwi chini kama katika magari mengi, bali hutolewa kwa kuinuliwa juu kupitia ndani ya gari. Waya za betri hufunguliwa kwanza, na magurudumu hutiwa magogo. Kisha hutolewa viti, sakafu, na lile sanduku la bati lililobeba viti. Propela shafti mbili hufunguliwa, baada ya kutiwa alama ya tindo ili zirudi kama zilivyokuwa. Na baada yake nyaya, viungo vya breki ya mkono na vya klachi.

Injini iwekewe jeki chini ya upande wake wa nyuma, maana sanduku likitoka, injini hukosa pa kuegemea. Sanduku pamoja na transfa lakaribia uzito wa gunia la mahindi, au hulizidi. Mtu asijaribu kulibeba peke yake, wala asilitundike kwenye boriti iliyoliwa na mchwa. Winchi ya mnyororo yaweza kuazimwa. Mgongo uliovunjika hauna spea.

KUFUNGUA NA KUPIMA

Mahali pa kufanyia kazi pawe safi kuliko mahali pa kulia chakula, kwa sababu punje moja ya mchanga katika beringi mpya huifanya kuwa kuukuu upesi. Sanduku lioshwe kwa nje kabla ya kufunguliwa. Vyuma vioshwe kwa mafuta ya taa, si petroli, ambayo hewa yake hushika moto kwa cheche ndogo. Kila kitu kinachotoka kiwekwe katika mkebe wake na kuandikwa jina, na kila hatua ichorwe katika daftari. Kazi hii huchukua siku nyingi, na mtu asitumaini kwamba atakumbuka.

Transfa ndiyo hutengwa kwanza. Hapa wengi hukwama, kwa sababu iko nati moja iliyojificha ndani ya transfa yenyewe, ambayo haionekani mpaka kifuniko na gia ya kati vitolewe. Wasiojua habari zake hupiga nyundo mpaka sanduku la alumini likapasuka. Kanuni ya kazi nzima ni hiyo: kitu kikikataa kutoka, huenda iko nati ambayo haijafunguliwa. Kama ni beringi iliyokaza, sanduku lipashwe kwa maji ya moto. Alumini hutanuka kuliko chuma, na beringi iliyokataa nyundo hutoka kwa kusukumwa polepole.

Vyuma vikiisha kuwa mezani, ndipo kazi yenyewe huanza, nayo ni kupima. Vile vibamba vyembamba vya kupimia, ambavyo mafundi huviita fila, huingizwa kati ya gia na washa, na kipimo hulinganishwa na kile kilichoandikwa katika kitabu cha watengenezaji. Washa huuzwa kwa unene mbalimbali, ili nafasi irudishwe kwa kuchagua ile ifaayo. Meno ya gia hutazamwe kwenye mwanga wa jua. Jino lenye rangi moja laini ni zima. Lenye vishimo kama ndui, au lililomomonyoka pembeni, limekwisha. Beringi ioshwe, ikaushwe, itiwe tone la mafuta na kuzungushwa kwa kidole. Ikikwaruza, haifai.

Sili zote, gasketi na pete za springi zisirudiwe hata zikionekana nzima, kwani bei yake ni ndogo na kazi ya kulitoa sanduku tena ni kubwa. Gia inayoingiza nguvu na mwenzake wa shafti ya chini huzungushana daima, kwa hiyo hubadilishwa pamoja. Jino jipya likisagana na jino lililolika, lile jipya hufuata njia ya lile kuukuu.

Katika Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee huiita Grogan, ina sifa ya muda mrefu ya kuuza spea za magari. Mnunuzi aende na kile chuma cha zamani mkononi, pamoja na namba ya sanduku lake, kwa sababu Land Rover zilibadilishwa mara kadhaa. Mpaka mwaka 1971 gia ya tatu na ya nne tu ndizo zilizokuwa na sinkro, yaani kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaungana. Katika zile za Series III, zilizoanza mwaka huo, gia zote nne za mbele zina sinkro, na vyuma vyake vingi haviingii katika zile za kwanza.

KURUDISHA

Kurudisha ni kuisoma daftari kinyumenyume. Kila beringi na kila bushi hupakwa mafuta kabla ya kuvikwa. Kila nati hukazwa kwa kipimo, na zenye pini au washa ya kukunja hufungwa kwa vitu vipya. Kabla ya kulifunika sanduku, gia zote ziingizwe moja moja na shafti izungushwe kwa mkono. Ikikaza mahali, ifunguliwe tena hapo hapo. Nusu siku iliyopotea mezani si kitu mbele ya kulitoa sanduku mara ya pili.

Mafuta yafaayo ni yale mazito ya gia, namba 90, ya daraja la GL-4. Baadhi ya mafuta ya daraja la GL-5 yana dawa ziwezazo kula vyuma vya shaba, na katika sanduku hilo shaba imo. Sanduku la gia huchukua karibu lita moja na nusu, na transfa karibu lita mbili na nusu. Kila moja hujazwa gari likiwa mahali sawasawa, mpaka mafuta yafike kwenye mdomo wa kizibo. Baada ya safari chache mafuta hayo ya kwanza yamwagwe, kwa maana yamekusanya vumbi la vyuma vipya vinavyozoeana.

Dereva naye ana sehemu yake. Katika gari lisilo na sinkro katika gia ya kwanza na ya pili, anaporudi gia ya chini hana budi kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kuitoa gia, kisha kuongeza moto kidogo mkono wa gia ukiwa katikati, na mara ya pili kuingiza gia ya chini. Akifanya hivyo, meno hukutana kwa mwendo mmoja, wala hapana kelele. Tena mkono wake usipumzike juu ya mkono wa gia wakati wa safari, kwa kuwa uzito huo mdogo husukuma uma kwenye gia mchana kutwa na kuulia bure.

Yule mchukuzi wa maziwa angalipima mafuta yake kila mwezi, angaliona mapema kwamba yanapungua, na sili moja pengine ingalitosha. Alipoona gia imeruka mara ya kwanza, bado ilikuwa kazi ya springi, au ya bushi na washa. Akiendelea na ukanda wake wa tyubu, itakuwa kazi ya gia nzima na shafti. Na siku ukanda ukikatika mteremkoni, watakaolipa si yeye peke yake, bali na wale watano waliokaa nyuma. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari la mlimani ufa huanza na mkono wa gia unaotikisika, na wakati wa kuuziba ni siku ile ile unapoonekana.